Makumi Yaliyoshonwa

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na naomba unijibu upesi kabla hasira hazijaniongoza mkono, maana barua ya malalamiko kwenda ofisi ya elimu nimeshaitunga yote kichwani, bado kuishusha kwenye karatasi tu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu darasa la pili, na katika kazi hii nimekula chumvi nyingi, watoto niliowafundisha kuhesabu wengine sasa wananiletea watoto wao. Pale shuleni jina langu wamelisahau, wananiita Mwalimu Zana, na sikatai, kwa sababu ukiingia darasani kwangu utadhani umekosea mlango umeingia duka la zawadi. Vizibo vya soda nimeviosha, nikavichemsha, nikavipaka rangi na kuvipanga kwenye ubao wa misumari. Mizani nimeitengeneza kwa kiango cha nguo na vikopo viwili vya mtindi, na inapima kweli. Saa ya kadibodi ina mishale inayozunguka. Pembetatu na miraba ya mbao nimeipiga msasa mwenyewe mpaka ukipitisha kiganja hukwaruziki. Walimu wa shule nyingine wanakuja kuangalia, wanatoa simu zao, wanapiga picha, wanaondoka wakitikisa vichwa.

Lakini kilele cha kazi yangu, Shangazi, ni makumi. Mume wangu ni fundi cherehani, na likizo iliyopita nilimbana mpaka akanishonea vifuko vyembamba vya kitambaa cha buluu, kila kifuko kina vijiti kumi ndani, mdomo umeshonwa, na mbele imetariziwa nambari 10 kwa uzi mweupe. Vijiti vya mamoja, vile vya kimojakimoja, vinakaa kwenye kopo lenye mfuniko. Mume wangu alinihakikishia kuwa mshono ule hata watoto wawili wakivutana kama wanagombania kamba haufumuki ng'o, na nilifurahi kusikia hivyo, kwa sababu unajua mwenyewe mikono ya mtoto wa darasa la pili, ametoka kushika ndizi, kabla ya ndizi alikuwa anachimba udongo, na kabla ya udongo afadhali usiulize. Kwa hiyo kwangu zana hazishikwi ovyo. Mimi nasimama mbele, nainua kifuko, watoto wanatamka, na aliyetulia kuliko wenzake namwita aje akishike kidogo kisha akirudishe, na kipindi kikiisha napangusa kila kitu kwa kitambaa kikavu na kufunga kabati. Huo ndio utaratibu, na mpaka muhula huu haukuwahi kunitia aibu.

Sasa jirani yangu. Darasa la pili tuna mikondo miwili, na ule mwingine amepewa kijana aliyekuja mwaka huu, ambaye mimi namwita Mwalimu Kokoto, maana zana zake ni kokoto, kokoto kweli za barabarani, na punje za mahindi, na vizibo ambavyo bado vinanata soda. Watoto wake wanakaa sakafuni, kila mmoja na rundo lake, wanamwaga, wanazoa, wanagombana, sisimizi wamehamia pale na familia zao, na kelele zinapita ukutani mpaka mimi nikisema nambari watoto wangu wanageuza shingo. Nilimwambia kwa upole, "Mwanangu, hesabu inataka utulivu." Akaniambia, "Shikamoo mwalimu, nitajitahidi," na kesho yake kelele zikaongezeka.

Jambo lenyewe ni hili. Tulifika kwenye kutoa kwa kukopa, na wewe ukiwa umesoma shule lazima unakumbuka, mamoja yasipotosha unakwenda kwenye makumi, unakopa kumi moja, unaandika alama ndogo juu. Darasani kwangu yupo binti wa mdogo wangu, naishi naye, wenzake wanamwita Bi Kwanini na hawakukosea, kwa sababu hawezi kupita karibu na kitu bila kukihoji. Tumekubaliana nyumbani ananiita mama mkubwa, darasani mimi ni mwalimu kama kwa wengine. Siku hiyo nimeinua vifuko vinne na vijiti viwili, arobaini na mbili, nataka kutoa kumi na saba, nikawaambia, "Vijiti viwili havitoshi kutoa saba, kwa hiyo tunakopa kumi moja. Tufanye kifuko hiki kimefunguka." Bi Kwanini akasimama bila kuitwa, akasema, "Lakini hakijafunguka." Nikasema tufanye kimefunguka. Akasema, tena kwa sauti ya mtu aliyekasirika kabisa, "Mama mkubwa, kumi haifunguki!"

Darasa zima likaangua kicheko, wale wa nyuma wakaanza kuimba mama mkubwa, mama mkubwa, na mimi damu ikanipanda. Nikamwambia nenda kasimame ukutani mpaka ujifunze kuongea na mwalimu. Akaenda. Mpaka kengele inalia alikuwa anaangalia kabati langu.

Baada ya hapo wakaja wageni, walimu wa shule za jirani na baadhi ya wazazi, mwalimu mkuu akanichagua mimi kufundisha mbele yao, akisema kwa zana zile atamchaguaje mwingine. Nikaandika ubaoni 42 kutoa 17. Nikainua vifuko vyangu vinne na vijiti viwili, kitambaa kimepigwa pasi, buluu inang'aa. Nikauliza, "Jibu?" Watoto wangu wote, Shangazi, wote kwa sauti moja, tena kwa furaha, "Thelathini na tano!" Wageni wakapiga makofi kwa ule moto wa sauti tu. Kisha mzazi mmoja aliyekuwa bado anahesabu kwa vidole akaacha kupiga makofi, jirani yake akamwangalia vidole, naye akaacha, na makofi yakafa hivyo hivyo, mmoja mmoja, mpaka akabaki mgeni mmoja wa mbele anayepiga peke yake. Nilitamani kabati lile lifunguke niingie nijifungie.

Mwalimu mkuu kwa kutaka kuokoa jahazi akawachukua wageni mlango wa pili. Yule kijana hakuwa hata amejiandaa, akamwita mtoto mmoja mwenye kamasi, akamwambia nipe arobaini na mbili kutoa kumi na saba. Mtoto akakaa chini, akahesabu kokoto moja moja, tukasubiri, akatoa moja moja, tukasubiri, mtu angeweza kuinjika chai ikachemka, akahesabu zilizobaki moja moja, akasema, "Ishirini na tano." Hakuna aliyepiga makofi, walishaogopa, lakini jibu lilikuwa ndilo.

Wageni walipoondoka mwalimu mkuu akaniita ofisini. Akanikaribisha kiti, na mwalimu mkuu wetu akikukaribisha kiti ujue kuna jambo. Akasema, "Mwalimu mwenzangu, zana zako ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Nimewaza nikupe chumba kizima, chumba cha zana, wewe ukisimamie. Muhula ujao mikondo yote miwili aichukue yule kijana."

Nikamuuliza, "Na mimi nitafundisha nini?"

Akasema, "Utakuwa unapokea wageni."

Nikainuka kwenye kiti. Akaongeza, "Mpaka shule ifungwe bado kuna nafasi. Ukinionyesha watoto wako wanatoa, tutazungumza mengine." Nilitoka pale nikaenda kukaa mbele ya kabati langu. Mimi bila darasa ni nani, Shangazi? Nikae kwenye chumba na makabati, nipanguse vumbi vizibo na mizani, nisubiri watu wenye simu?

Nimefikiria mambo mawili. La kwanza ni kumshtaki yule kijana, kwamba darasa lake ni chafu na anawaharibia watoto nidhamu. La pili ni kuwakaririsha watoto wangu majibu, hesabu kumi na tano hivi zile zinazopendwa na wakubwa, ili mwalimu mkuu akija wazijibu kama kasuku na mimi nibaki na darasa langu, kisha mengine tutayaona mbele ya safari. Mume wangu anasema nikubali chumba, kina feni.

Lakini kuna kitu kimeniuma kuliko ofisi ya mwalimu mkuu, na sijamwambia mtu. Tangu siku ile Bi Kwanini nyumbani haniulizi kitu. Anakula, anashukuru, anaondoka mezani. Na juzi wakati wa mapumziko nilipita dirisha la jirani nikamwona amekaa sakafuni kwa Mwalimu Kokoto, sketi imejaa vumbi, anapanga kokoto na kusema peke yake. Aliponiona akazifunika kwa mikono. Mtoto wa mdogo wangu, ninayemlea, ananificha hesabu, mimi ambaye hesabu ndiyo kazi yangu!

Nisaidie, Shangazi. Nikubali chumba au nipigane?

Mwalimu Zana

* * *

Mdogo wangu Mwalimu Zana,

Nilipoanza kusoma barua yako nilicheka, hasa pale kwenye makofi. Nilipofika kwenye mtoto anayefunika kokoto kwa mikono nikaacha kucheka. Pole sana. Ulivyoeleza mizani ile ya vikopo vya mtindi nimeiona, na mtu anayepiga msasa mbao za pembetatu ili kiganja cha mtoto kisikwaruzike ni mtu anayependa watoto, hilo halina mjadala. Basi shika upendo huo vizuri, kwa sababu sasa nakuja kwako na sitakuja polepole.

Umeniandikia barua ndefu kuniuliza kwa nini watoto wako hawajui kutoa. Jibu ulishapewa. Ulipewa darasani kwako, bure, na mtoto mdogo, kwa Kiswahili chepesi, na wewe ukalichukua jibu lako ukalisimamisha ukutani mpaka kengele ikalia. Kumi haifunguki. Ulisikia kiburi, mwalimu. Mimi nimesoma mara ya kwanza tu nikasikia mtoto anayesoma hesabu kwa bidii kuliko darasa zima.

Usiniamini kwa maneno. Mimi mwenyewe sikujiamini, nikachukua kiberiti cha jikoni hapa ofisini, nikafunga njiti kumi kumi kwa mipira ya kufungia bahasha, nikazipanga mezani. Mhariri wa gazeti letu akapita akaniuliza kama nimeanza kuvuta sigara, nikamwambia akae chini. Nikamwekea mafungu manne na njiti mbili. Nikamwambia, "Nipe njiti kumi na saba, ila ni marufuku kugusa mpira wowote." Akanipa fungu moja. Akanipa njiti zake mbili. Akaniangalia. Akasema, "Sasa wewe dada unataka nifanye uchawi?" Yule ni mtu mzima, mdogo wangu, ana ndevu na gazeti. Nikamwambia haya, fungua fungu moja, na kabla sijamaliza sentensi alishatoa mpira na kunihesabia njiti tano zilizokuwa zimepungua. Hakuhitaji somo. Alihitaji ruhusa.

Sasa rudi kwa watoto wako. Wanaona vijiti viwili, wanaambiwa watoe saba, na kifuko kimeshonwa na fundi anayejua kazi. Wakae wakusubiri ufanye kimefunguka? Walitafuta njia. Wakaona saba ukitoa mbili inawezekana, inabaki tano, na vifuko vinne ukitoa kimoja vinabaki vitatu, na ndiyo hiyo thelathini na tano yako. Hawakubahatisha hata kidogo, ndiyo maana waliitamka wote kwa sauti moja na kwa furaha. Walifanya kitu pekee ulichowaachia wafanye. Hao watoto wana akili, tena nyingi, zimefungiwa kabatini pamoja na vizibo.

Ile alama ndogo unayoiandika juu ya nambari ni habari ya jambo ambalo limeshatokea mikononi mwa mtu: kulikuwa na kumi, nikaifungua, nikapata vijiti kumi vya kutumia. Wewe umewapa habari na tukio hawakuliona. Zana ya hesabu ambayo mtoto anaitazama tu ni pambo, na pambo mahali pake ni sebuleni. Najua neno hilo linakuchoma, nimelisema kwa makusudi, kwa sababu mwalimu mkuu wako ni mpole mno akakwambia utapokea wageni.

Tuje kwenye mipango yako miwili. Ile barua ya malalamiko itoe kichwani leo hii. Utamshtaki kijana wa watu kwa kosa gani, sisimizi? Mtoto wake mwenye kamasi alipata jibu. Na huo wa kukaririsha ndio ulionikera zaidi, nikuambie wazi. Watoto wakijifunza majibu kumi na tano, mwalimu mkuu akiuliza la kumi na sita utafanya nini, utazimia? Na hata asipouliza, utakuwa umebaki na darasa na watoto wameondoka bila hesabu. Usinirudie na wazo hilo.

Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa, wala huyo kijana nisimpake. Naye ana lake. Umeniambia mtoto wake alihesabu kokoto moja moja mpaka chai ingechemka. Hiyo ni kwa arobaini na mbili. Wakifika mia tatu na kitu si mvua itanyesha, ikakauka, na bado wanahesabu? Watoto wake wana mamoja mengi na makumi hawana. Hajawafundisha kufunga mafungu, na hakuna anayejua kufunga mafungu kuliko wewe. Nenda kwake. Usiende kama mkaguzi, na lile "mwanangu, hesabu inataka utulivu" liache mlangoni. Nenda na kiti chako, kaa, angalia kipindi kimoja kizima bila kufungua mdomo, kisha mwambie, "Njoo na wewe ukae kwangu kesho." Vijana wanaosema shikamoo bado wanafundishika, na wewe, ukijikaza kidogo, pia.

Kuhusu chumba cha zana, usikubali. Chumba cha zana kisicho na watoto ni stoo, hata ukikipaka rangi, hata kikiwa na feni. Mwambie mume wako feni atainunua akipenda. Ila usiende kukataa kwa maneno. Nenda kwa mwalimu mkuu umwambie, "Nipe mpaka wiki ya mwisho, kisha uje darasani, uandike ubaoni hesabu yoyote unayoitaka wewe." Yoyote, mwalimu. Ukiweza kulisema neno hilo bila kumeza mate, darasa halitakwenda popote.

Ili ulitamke kwa moyo mmoja, fanya hivi. Mume wako mwambie akushonee vifuko vingine vyenye kamba ya kukaza mdomoni, kamba ambayo mtoto wa darasa la pili anaweza kuivuta mwenyewe na kuifunga mwenyewe. Atakwambia havitapendeza kama vile vya kwanza, na atakuwa na haki. Mjibu kwamba fundi hodari ndiye anayejua kushona kitu kinachofunguka, uone kama hatashona kwa mashindano. Kila watoto wawili wapate vifuko vyao na vijiti vyao, mezani kwao, si mbele kwako. Vizibo navyo vitoe kwenye misumari. Mizani ishushe, waitie kokoto za jirani waone upande gani unazama. Kabati liache wazi. Siku za mwanzo usiandike chochote ubaoni. Wape maneno tu: una vijiti arobaini na viwili, mwenzako anataka kumi na saba, mpe. Wafungue, wahesabu, wapeane, wagombane kidogo. Kisha mtoto akueleze kwa mdomo wake alichofanya, na wewe ukisikia "nilifungua moja ikawa kumi na mbili" umeshafika. Baadaye wachore walichofanya. Alama ndogo ya kukopa iwe ya mwisho kabisa, na ukiiandika hutahitaji kuieleza, watakuambia wao.

Kutakuwa na kelele. Utazivumilia, maana ukisikiliza vizuri utakuta nusu yake ni nambari. Vijiti vitapotea, vingine vitatafunwa, buluu itageuka rangi ya udongo. Vijiti ni vijiti, mdogo wangu, miti bado ipo. Wageni wakija na simu zao waambie wapige picha mikono ya watoto, zana waziache.

Limebaki lile lililokuuma zaidi, na nimeliweka mwisho kwa sababu huwezi kuanza lolote kati ya hayo kabla hujalimaliza. Mtoto hakukuficha hesabu. Alikuficha furaha yake, kwa sababu mara ya mwisho alipokuonyesha alichokigundua uliwaacha wenzake wamcheke, kisha ukamwadhibu yeye. Aliteleza akakuita mama mkubwa kwa sababu alikuwa anamwita mtu anayemwamini. Usimnunulie zawadi, wala usimwambie pole jikoni wakati hakuna anayesikia. Alisimamishwa mbele ya darasa, asimamishwe tena mbele ya darasa hilo hilo. Waambie watoto wote, kwa sauti ile ile uliyomfukuzia ukutani, kwamba siku ile Bi Kwanini alisema kweli na mwalimu hakusikia. Wakicheka, na wacheke, wewe utakuwa umeshalisema. Akisahau tena akakuita mama mkubwa, itika.

Kisha chukua kifuko kimoja cha buluu, kile kizuri kuliko vyote, chenye nambari nyeupe isiyo na doa. Chukua na mkasi wa mume wako, ule mdogo usio na ncha kali. Mpe mtoto vyote viwili, rudi nyuma ukakae kwenye kiti chako. Atakata mshono vibaya, tena taratibu, kitambaa kitachanika, na ghafla vijiti vitamwagika sakafuni, vitakimbilia chini ya madawati mpaka kwenye miguu yako. Najua mgongo wako utataka kuinama. Usiinuke. Darasa zima litashuka chini kuviokota, watagongana vichwa, na hakuna atakayerudi kwenye dawati lake kabla hajajua kama vyote kumi vipo.

Shangazi yako